Mama Kasema Sina Haya

Shangazi yangu hutunga nyimbo akitembea. Akikaa kitako neno haliji, akilala ndiyo kabisa. Kwa hiyo nyimbo zake za Guangzhou zote zimezaliwa kwenye korido za Shahe, soko la nguo la jumla, kati ya marobota ya suruali za watoto na mikokoteni ya wapagazi, simu ameiweka mdomoni kama kipande cha muhogo. Ananitumia ujumbe wa sauti. Mimi wakati huo nipo ofisini, kwenye kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo upande wa Guangyuan Xilu, ambako kazi yangu ni kutafsiri na kufuatilia bidhaa za wateja. Shangazi ni mteja wetu. Ujumbe wake huja na mambo mawili yaliyosokotwa pamoja, oda na wimbo, na lazima uwe na sikio la kuyatenga.

"Shangazi," anaanza. Ananiita shangazi kwa kuwa mimi namwita shangazi. Kwetu Tanga ndivyo tunavyorudishiana. "Shangazi, zile jinzi za mpira kiunoni, mwambie laoban asinichanganyie saizi. Halafu shika hii isipotee: nimetembea na jua, kivuli kimenikimbia. Nimetembea na jua, kivuli kimenikimbia. Hapo bado mstari wa tatu. Na kaptula za kijani sitaki, mwambie hapana, asinibembeleze."

Siku moja alisema amepata bluzi mpya, nzuri mno, yenye majonzi kidogo, na anataka niisikie kabla ya adhuhuri. Nyuma ya sauti yake mkanda wa gundi ulikuwa ukivutwa, ile kraaa, kraaa ya Shahe isiyonyamaza tangu alfajiri, nami badala ya bluzi, ile blues ya muziki, nikasikia blauzi. Nikampigia laoban, yaani mwenye duka. Laoban akauliza rangi gani. Nikamuuliza shangazi rangi gani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Bluzi haina rangi, we mtoto. Ina mwendo."

Kuanzia hapo pale ofisini wakamwita Mama Blauzi, naye akalipokea jina hilo kama alivyozoea kupokea mengine.

Mwaka ule alikuwa anafunga biashara. Magoti yake yalikuwa yamegombana na ngazi za masoko, kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaelekea mwisho na hakukusudia kuomba kingine. Kabla ya kuondoka alitaka kitu kimoja. Alitaka wimbo wake mmoja urekodiwe kwa sauti yake mwenyewe na kwa maneno yake mwenyewe. Alikuwa ametunga tangu usichana, na hilo halikuwahi kutokea.

Watu wa rika lake nyumbani wanazijua nyimbo zake. Wanaziimba wakipepeta mchele, wanazipigia mluzi barazani, na hawajui ni za nani. Aliondoka Tanga akiwa binti mbichi, akaenda Dar es Salaam kwenye bendi ambayo jina lake liliishia na neno jazz, kama bendi nyingi za wakati ule, ingawa walichopiga kilikuwa dansi. Kiongozi wa bendi alisema sauti ya shangazi ni nzito, haifai kwa wacheza dansi. Basi akawekwa nyuma. Yeye anatunga, wanaume wanaimba. Alitunga wimbo wa mwanamke aliyengoja mpaka chai ikapoa, akausikia ukumbini ukiimbwa na mwanamume, na kisa kimepinduliwa: sasa mwanamke ndiye aliyechelewa, na chai ilikuwa kosa lake.

Nakumbuka nyumbani kwake nikiwa mdogo, wimbo wa namna hiyo ukija redioni. Aliendelea kukuna nazi, ila mbuzi ilianza kwenda kasi, na siku hizo tui lilikuwa zito kuliko kawaida.

Bluzi zenyewe alizipata kwa mpiga tarumbeta mmoja wa bendi, aliyekuwa na kanda za Wamarekani weusi zilizokwaruzika. Aliniambia, "Nilisikia mtu anasema mstari, anaurudia ule ule, kama anayehakikisha umemsikia, kisha ndiyo anamalizia. Nikajiambia, mbona mimi huzungumza hivi hivi na hakuna anayenilipia kiingilio." Tangu hapo alitunga za bendi kwa mkono mmoja na zake kwa mwingine. Za bendi zilikwenda. Zake zilibaki kifuani. Bendi ilipovunjika akaingia kwenye mitumba, kutoka mitumba akaenda Dubai, kutoka Dubai akafika huku.

Rafiki yake wa muziki Guangzhou alikuwa fundi wa magitaa mwenye duka katika mtaa wa Haizhu, mwanamume mwembamba asiyevua kandambili, mwenye chupa ya chai isiyokwisha maji. Shangazi aliingia dukani kwake siku ya mvua kujikinga, na mifuko yake myeusi ya plastiki imemlowanisha zaidi ya mvua yenyewe. Fundi alikuwa amekaa juu ya stuli, anajaribu gitaa alilolitengeneza, na alichokuwa anakijaribia kilikuwa bluzi. Shangazi akaweka mifuko chini. Akaimba juu yake. Fundi hakuinua kichwa wala hakusimama. Alisogeza goti tu, kama anayempisha mtu kwenye benchi.

Hawakuwa na lugha. Fundi hakujua Kiswahili wala Kiingereza, na Kichina cha shangazi kilikuwa cha kununulia nguo. Basi wakatumia hicho. Fundi akizidisha manoti, shangazi alimwambia *tai gui*, ghali mno. Akitaka apunguze mwendo, alimwambia *pianyi*, rahisisha, huku kiganja kinashuka hewani kama kawaida ya mnunuzi. Kuhusu urefu wa ubeti, yaani mafungu ya mapigo, walipitishiana kalkuleta ya dukani. Fundi aliandika kumi na mbili. Shangazi akafuta, akaandika nane. Fundi akatikisa kichwa, akaandika tena kumi na mbili, akaigonga kwa ukucha. Shangazi akaguna, akaweka mkono kiunoni, akasogea mlangoni, akarudi, akakubali. Niliwahi kuketi pale nikajisemea kwamba sijawahi kuona wanamuziki wakielewana hivyo kwa maneno machache, na wote wawili walitoka wakidhani wamepunguziwa.

Kila Jumapili alasiri, baada ya shangazi kuswali kwenye kona ya ghala la juu, walipiga huko huko juu ya duka: fundi na gitaa, jirani mmoja na besi, mwanafunzi wa chuo na ngoma. Wasikilizaji walikuwa majirani, marafiki wa yule mwanafunzi, na sisi wachache wa Kiswahili tuliokuwa hatuna kontena la kupakia siku hiyo. Wakati wa masika ya huku kuta zilitoka jasho, na fundi alifuta nyuzi kila baada ya wimbo.

Wimbo aliotaka kuuacha Guangzhou aliutunga mwaka ule ule, lakini mbegu yake ilikuwa ya zamani. Siku anaondoka Tanga kwenda kwenye bendi, bibi yangu alimsimamia mlangoni na ushungi mkononi, akamwambia, "Huna haya." Shangazi akasema, "Haya." Akatoka. Walikuja kupatana baadaye, kwa vitenge na kwa wajukuu, lakini bibi alikufa bila kumsikia akiimba hata mara moja.

Mama kasema sina haya, nikamwambia haya.
Mama kasema sina haya, nikamwambia haya.
Nimekwenda mbali, mama, sijapata pa kukaa.

Ulikuwa na beti tatu. Wa pili ulikuwa wa bendi: nimewashonea nyimbo, wamevaa, wamekwenda. Wa tatu ulikuwa wa huku, wa mtu anayenunua nguo za watoto asiowajua. Aliponiletea kwa sauti, katikati ya oda ya soksi, nilitoka ofisini nikasimama kwenye ngazi za dharura kwa sababu sikutaka wenzangu wauone uso wangu.

Jumapili aliyouimba kwa mara ya kwanza alifumba macho. Alipofika kwenye "nikamwambia haya," kijana mmoja nyuma akaitikia, "*Hao ya*."

Kwa Kichina hiyo ni sawa, vizuri, twende. Ukimwambia mtu tukale na akapenda, atakujibu hivyo, na sauti yake ni haya yetu tupu, imevutwa kidogo mwanzoni. Mstari uliporudi, wenzake wakaitikia pamoja naye. Kufika ubeti wa pili chumba kizima kilikuwa kinangoja neno lile, na likifika, hata kama shangazi ameliimba kwa uchungu wa kukatisha pumzi, wanalirusha juu kwa furaha, wengine wanapiga meza. Fundi alikuwa anatabasamu. Mwenye ngoma akaongeza kasi.

Shangazi alifungua macho. Aliimba mpaka mwisho kwa sababu ni mtu wa kazi, kisha akashuka ngazi bila kungoja makofi. Nilimkuta nje, chini ya daraja la barabara ya juu, anatembea kutoka nguzo hadi nguzo huku pikipiki za umeme zinamkwepa.

"Wamenicheka," akasema.

"Hawajakucheka, shangazi. Wamesikia Kichina. Wamesikia unasema sawa."

"Mama yangu kanivua nguo mlangoni, wao wanasema sawa?"

"Hawajui habari ya mama."

"Ndiyo nikasema wamenicheka." Akafika nguzo nyingine, akageuka. "Kiongozi wa bendi angalau alinibadilishia maneno kwa kalamu. Hawa wamenibadilishia kwa masikio."

Kulikuwa na mtu aliyerekodi kwa simu, na kipande kile kikazunguka. Wiki iliyofuata akaja dukani kwa fundi msichana mwenye nywele fupi na vipokea sauti shingoni, ana studio yake ndogo, anatengeneza nyimbo za kusikilizwa kwenye simu. Fundi akamwita shangazi, shangazi akaniita mimi nitafsiri. Yule msichana alikuwa na adabu. Alileta machungwa. Akasema wimbo umemkaa kichwani, anautaka. Aliutaka hivi: ngoma ziende mbio, kiitikio kibaki neno lile moja, mwimbaji awe binti fulani anayependwa mtandaoni, na shangazi asikike nyuma mwanzoni na mwishoni, akicheka au akipiga vigelegele, vile atakavyopenda.

"Na beti?" shangazi akauliza.

Nikatafsiri. Msichana akauliza beti zinasema nini. Nikaanza na haya. Nikatafuta neno la Kichina, nikalipata, nikalitoa, akakunja uso kama aliyeuma limau. Akasema polepole, kwa kunihurumia, kwamba Jumapili hakuna anayetaka kusikia neno hilo. Lile lingine, alisema, lile linalofanana nalo, kila mtu analitaka.

"Amesemaje?" shangazi akauliza.

"Anasema atafikiria."

"Usinipambie. Amesemaje?"

Nikamwambia.

Baada ya hapo zikaja siku ambazo sikupata raha nazo wala yeye. Ujumbe uliingia nikiwa nakagua marobota: "Nimekubali. Wimbo ni wimbo, hata mtoto akilelewa kwa shangazi yake si mtoto?" Kabla sijajibu: "Nimekataa. Mwambie nimekataa. Hapana, usimwambie kitu." Kisha kraaa ya mkanda wa gundi, mtu akipiga kelele apishwe, na sauti yake tena, ya chini: "Nikienda hivi hivi nitakuwa nimekwenda." Alipoteza kilo. Alinunua suruali za saizi asizouza. Mimi mwenyewe jioni nilikaa mbele ya riwaya niliyokuwa najaribu kuiandika baada ya kazi, nikaandika sentensi, nikaifuta, nikasimama dirishani, nikarudi. Nilikuwa nimeambukizwa miguu yake.

Tulikula mchana kwenye mgahawa mmoja wa wali wa nazi pamoja na Mkenya muuza viatu, mtu wa Nairobi, mzaha wake hauchagui meza. Alikuwa ameiona ile video.

"Madhe, hiyo ngoma ni moto," akamwambia shangazi; madhe kwao ni mama. "Chukua hiyo dili. Unangoja nini?"

"Wanataka neno, hawautaki wimbo."

"Si neno ndiyo wimbo? Mimi nauza kiatu, mtu akitaka kamba peke yake namuuzia kamba."

"Halafu unatembeaje?"

"Natembea na chapaa."

"Wewe ndiyo maana viatu vyako vinavunjika soli."

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Sawa, lakini niambie ukweli, Madhe. Wewe unataka watu walie? Kwani ni matanga? Mtu ametoka job amechoka, anasikia hao ya, anafurahi. Wewe unaenda kumwambia mambo ya mama yako."

"Ndiyo," shangazi akasema. "Nataka nimwambie."

Mkenya akamsogezea pilipili.

Msichana wa studio aliomba jibu, wakakubaliana wakutane alasiri moja dukani kwa fundi. Angeleta mitambo yake. Wakielewana watarekodi pale pale, kwa sababu alipenda mwangwi wa kile chumba cha juu. Shangazi alikuja amevaa vizuri, baibui jipya, mtandio umebanwa kwa pini. Alikuwa ametoka Shahe moja kwa moja na macho yake yalikuwa bado ya Shahe. Niliyajua yale macho. Nilipaswa kuogopa tangu hapo.

Msichana akarudia masharti yake, akaongeza hisani moja: jina la shangazi litaandikwa kwamba ndiye mtunzi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama beti tatu zitaingia. Msichana akasema hapana, kwa upole. Shangazi akauliza mbili. Hapana. Shangazi akachukua mfuko wake, akautazama, akautikisa kidogo kama anayepima uzito. Akasema *tai gui*. Akageuka akashuka ngazi.

Kuna namna ya kuondoka dukani Shahe, na kila mfanyabiashara wa kwetu anaijua kabla hajajua kusema ahsante. Unaweka bidhaa chini kwa upole. Unasema ghali, unageuka, unakwenda, lakini si kwa kasi. Unasimama duka la jirani, unashika kitambaa usichokitaka. Unafunga kiatu kilichokwisha kufungwa. Sikio lako lipo nyuma. Na karibu kila mara sauti inakuja: *lai, lai*, njoo, njoo. Ukiitwa umeshinda. Usipoitwa hurudi, maana anayerudi bila kuitwa hulipa bei ya mwenye duka, na mwenye duka humtazama usoni wakati analipa.

Nilimfuata. Alipita duka la vipuri, akasimama kwenye duka la mapazia, akashika pazia. Akauliza bei. Akalisugua kwa vidole. Nikaangalia nyuma: mlango wa fundi ulikuwa wazi, hakuna mtu mlangoni.

"Usigeuke," akaniambia bila kugeuka.

Tukaenda mpaka kwenye mti uliotoboa lami kwa mizizi. Akainama akarekebisha kandambili ambayo haikuwa na tatizo. Mama mmoja alipita na kitoroli cha mboga. Mahali fulani mtu alikuwa anatoboa ukuta kwa mashine, akinyamaza, akianza tena. Tulifika kwenye kona ambapo ukivuka tu barabara hakuna sauti itakayokufikia, na shangazi akasimama ukingoni. Taa ikawa ya kijani. Hakuvuka. Ikawa nyekundu.

"Haniiti," akasema.

"Shangazi, yule si mtu wa sokoni."

"Nani?"

"Si mtu wa sokoni. Msichana wa studio. Ukimwambia ghali ukatoka, yeye anajua umekataa. Hajui kuita. Nadhani anakunja nyaya sasa hivi."

Nilimwona akilielewa jambo lile kuanzia machoni kushuka mpaka kwenye mabega. Miaka yote hii ameondoka kwenye maduka na kuitwa. Hata kwa bei ambazo hazikuwa na faida, alikuwa ameitwa. Taa ikawa ya kijani tena, watu wakatuzunguka kama maji.

"Miguu yangu imezoea vibaya," akasema.

"Nikaongee naye mimi? Wewe ngoja hapa. Nitasema ulitoka kupokea simu."

"Simu gani?"

"Yoyote."

Aliangalia ng'ambo ya barabara, kisha akaangalia tulikotoka. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti. Sijui kama alikuwa anatunga au anaomba dua. Ghafla akageuka akaanza kurudi, na sasa hakwenda kwa mwendo wa Shahe. Alikwenda upesi, mfuko unamgonga ubavuni, akapita mti, akapita mapazia bila kuyatazama. Muuza mapazia akamwita, *lai, lai*, akataja na bei mpya. Hakusimama.

Msichana kweli alikuwa anakunja nyaya. Fundi alikuwa amebaki juu ya stuli, gitaa mapajani, anaangalia ngazi. Shangazi alisimama katikati ya chumba akihema.

"Mwambie nimerudi," akaniambia. "Usipambe. Mwambie sikuitwa na nimerudi."

Nikasema hivyo hivyo. Kwa Kichina ilikuwa sentensi isiyo na maana, msichana akanitazama, akamtazama fundi. Fundi alikuwa amefanya biashara karibu na masoko miaka mingi, yeye alielewa. Akamweleza kwa maneno machache ambayo sikuyasikia yote. Msichana akaweka waya chini.

"Anauliza unataka nini hasa," nikamwambia shangazi.

"Niimbe maneno yangu. Mimi. Taratibu. Wakishamaliza kunisikia, huyo binti aje na ngoma zake, neno hilo mchukueni. Neno si langu, nyie mnalo lenu toka zamani. Lakini kwanza wanisikie mimi."

Msichana alifikiri, anazungusha waya kidoleni. Akasema ubeti mmoja. Mwanzoni kabisa, na gitaa peke yake. Akaonya kwamba kuna watakaourusha mbele kwa kidole kufika kwenye ngoma, na yeye hawezi kuwazuia.

"Mmoja," shangazi akasema.

"Mmoja."

Safari hii hakutikisa mfuko. Aliuweka chini kwenye kona. Nilijua anahesabu kipi kitaachwa nje: ubeti wa bendi, ule wa nyimbo zilizoshonwa zikavaliwa, nilioupenda kuliko yote, na ule wa watoto asiowajua. Nikataka kumwombea ule wa bendi. Ningesema hiyo ndiyo kesi yako, shangazi, hao ndio waliokuibia. Alinisoma.

"Wale wa bendi wataenda bila kutajwa," akasema. "Wamezoea. Niandikie ule wa mama."

Msichana akapanga mitambo yake, akaweka kipaza sauti, akamwomba shangazi asimame hapo hapo asisogee. Shangazi akasimama. Fundi akaanza, na shangazi akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Kwenye jaribio la tatu miguu yake ikaanza kwenda yenyewe, mbao za sakafu zikalia, na msichana akavua vipokea sauti. Nikamweleza kwamba shangazi yangu hajawahi kuimba amesimama tuli. Msichana akashuka chini, akarudi na blanketi ambalo fundi hufungia magitaa ya wateja, akalikunja, akalitandika chini ya miguu ya shangazi. Shangazi akavua kandambili, akapanda juu ya blanketi, akaanza kutembea pale pale alipo.

Kisha akaimba. Mama kasema sina haya. Chumba hakikuwa na wale vijana, hakukuwa na wa kuitikia; lile neno lilitoka, likasimama lenyewe, na gitaa likalipita kando. Alipolirudia nilisikia mlango wa Tanga. Nilimsikia bibi yangu, ambaye mimi nilimjua mpole, mwenye mkono wa kunisuka nywele. Mstari wa tatu sauti ikalegea, ikashuka, ikakaribia kuwa ya mtoto. Fundi akaliacha noti la mwisho lizimike lenyewe.

Msichana alikuwa na machozi. Akainua dole gumba, akasema imetosha, hiyo ndiyo, haina haja ya kurudia. Nikamtafsiria shangazi.

Shangazi akatikisa kichwa. Alikuwa bado anatembea juu ya blanketi.

"Hapo mwisho nimemwomba mama radhi," akasema. "Sikuja kumwomba radhi. Turudie."

Sikupata hata wasaa wa kutafsiri. Fundi alikwisha kupangusa nyuzi, akawa ameanza upya.